Liberatus wa Nta

Liberatus alikufa katikati ya kichekesho. Alikuwa amekaa na wenzake kwenye baa moja ya Ilomba, Mbeya, mshikaki mkononi, anasimulia habari ya trafiki na gunia la vitunguu. Akafika pale ambapo watu huanza kucheka hata kabla hajamaliza, akalala juu ya meza. Wenzake wakacheka. Wakacheka na kupiga makofi, maana walizoea maigizo yake. Alipokawia kuinuka ndipo mmoja akamtikisa bega: "Oya, Libe, inatosha sasa." Kumbe mwenzao ameshaondoka, na mwisho wa ile habari ya trafiki hakuna anayeujua mpaka leo.

Mkewe, Kalista, alipoletewa taarifa aliuliza swali moja: "Alikuwa ameshakula?"

Watu wakadhani amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alimjua mumewe, na alitaka kuwa na hakika kwamba hakuondoka na njaa.

Mwaka ukapita na Kalista hakulia. Alivaa nguo nyeusi, akapokea pole, akapika, akarudi kwenye kazi yake ya mishumaa. Kazi hiyo, ukitaka kujua, aliingizwa na Liberatus mwenyewe bila kukusudia. Liberatus alikuwa dereva wa lori, na siku moja alirudi kutoka Mufindi na ndoo kubwa aliyoiita ya asali. Kalista alipofungua kifuniko alikuta mabonge ya nta, na nyuki wengi waliokufa ndani yake. Asali hata ya kulamba hakuna.

"Wamekuuzia makapi," alisema.

"Sikuonja," alijitetea Liberatus. "Ningeonjaje ndoo ya mtu?"

Mtu ambaye alikuwa akionja kila sufuria iliyopita mbele yake!

Kalista alimtukana siku nzima, kisha akaingia kwenye simu kutafuta nta inafanya kazi gani. Akajifunza kuiyeyusha kwenye sufuria iliyokalishwa ndani ya sufuria nyingine ya maji, maana ukiiweka motoni moja kwa moja inaweza kukuunguzia nyumba. Akajifunza kuichuja kwa kipande cha shuka kuukuu mpaka itoke ya rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Alianza kumimina kwenye makopo ya nyanya. Baadaye akaagiza kalibu za mpira kutoka Dar, akatoa maua ya waridi, mahindi, tembo, hata kuku anayeatamia. Mwishowe akawa anatengeneza kalibu zake mwenyewe za plasta. Wenye harusi wakamjua, wenye ubatizo wakamjua, na nyuki nao wakamjua. Siku za jua walijaa dirishani pake, wamekuja kudai mali yao, na jirani yake Tupokigwe akawa anaanika nguo huku amejifunika kanga usoni.

Sasa kumbukumbu ya mwaka mmoja ilipokaribia, shemeji yake alipiga simu kutoka kijijini, kule Kilolo. Jina lake Didas, kaka mkubwa wa marehemu, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa karibu kila kitu chenye kiti.

"Shemeji," alisema Didas, "familia imekaa, na imeonelea kuwe na mshumaa. Mshumaa mkubwa wa heshima, wenye sura ya marehemu. Utawashwa kwenye misa ya nyumbani. Nakutumia picha ya kufuata."

"Picha gani?"

"Ile."

Kalista aliijua ile. Ilikuwa picha ya pasipoti, Liberatus kijana mwembamba, koti, tai, mdomo umefungwa kabisa. Didas alikuwa ameikuza, na fundi wa picha wa Iringa mjini akaongezea mawingu na njiwa wawili. Ilitundikwa sebuleni kijijini, na chini yake Didas alikuwa ameshahutubia mara kadhaa. Kwa hotuba hizo, marehemu hakuwahi kugusa pombe, alisali rozari kwenye usukani, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Kila hotuba ilimwongezea fadhila, na Kalista aliona kwamba wakifika mwaka wa tatu, Liberatus atakuwa anatembea juu ya Mto Ruaha.

Hilo ndilo lililomkausha machozi. Kila alipotaka kumlilia mumewe, aliletewa yule mwenye njiwa. Na huyo Kalista hakumjua.

Hata hivyo alikubali. Aliketi jikoni na udongo wa kufinyangia alioletewa kutoka Kyela, akaisimamisha simu kwenye kikombe, akaanza kufinyanga. Alipomaliza akarudi nyuma kutazama. Mbele yake alikaa mtu anayefanana na karani aliyenyimwa likizo. Alimtazama kwa muda. Kisha akampiga ngumi ya uso, akambonda akawa bonge tena.

Safari ya pili aliizima simu. Aliacha vidole viende vyenyewe, na vidole vilikuwa vimekaa na uso ule miaka ishirini na mbili. Likatoka shavu, likatoka la pili, kubwa kuliko la kwanza, maana ndivyo yalivyokuwa. Kikatoka kidevu na mdogo wake chini. Ikatoka kofia ya kufuma imekaa upande. Mdomo ukatoka wazi, unacheka, na katikati ya meno ya juu mwanya wa kupitisha kijiti cha kiberiti. Likatoka tumbo, na mkono umelala juu ya tumbo kama mtu anayetuliza mbwa.

Alitengeneza kalibu ya plasta, vipande viwili. Akaipaka sabuni ya maji ndani ili nta isigande nayo, akapitisha utambi mnene wa pamba iliyosukwa, maana utambi mwembamba nta huuzamisha ukafa. Akafunga kwa mipira ya baiskeli, akamimina polepole, akaenda kufua. Mchana wa siku iliyofuata alifungua. Akamsimamisha mezani, kati ya vitunguu na chupa ya chai.

Tupokigwe aliingia bila hodi, kuomba chumvi. Akaona.

"Ugonile, Baba Gudi!" alisalimia kwa Kinyakyusa, kwa heshima ya jina la mwanawe, akapiga na goti. Hapo ndipo akili ikamrudia. Akaruka nyuma, akapiga ukelele, akakanyaga ndoo. "Mama Gudi! Unanifanya nasalimiana na mshumaa!"

"Angekuwa yeye angeshakuomba mchicha."

Tupokigwe alisogea, akamzunguka, akamkagua mbele na nyuma. "Ndiye. Ndiye kabisa, na ulafi wake wote. Lakini mbona umeishia kitovuni?"

"Huko chini alikuwa na moto wake tayari."

Walicheka mpaka Tupokigwe akasahau chumvi.

Kalista alimfunga marehemu kwa kitenge, akapanda basi la Iringa, akampakata. Kule Igawa akapanda mfugaji mmoja mrefu wa Kisukuma, na fimbo yake, akakaa kiti cha pembeni. Alijitambulisha kuwa anaitwa Bujiku, ana ng'ombe zake huko Usangu, anakwenda Mafinga kumwona mkwe. Alikuwa mtu wa maongezi. Kwa muda mrefu alikiangalia kile kitenge.

"Mama, mtoto wako mtulivu sana," alisema mwishowe. "Tangu nimepanda hajalia, hajanyonya. Haumwi huyo?"

"Si mtoto. Ni mume wangu."

Bujiku akarudia: "Mume wako."

"Ee. Alifariki mwaka jana. Nampeleka kwao wakamwashe."

Yule bwana alitazama mbele, akatazama kitenge, akashika fimbo yake, akasimama. Alikwenda na kusimama mlangoni na konda mpaka Mafinga, na kila Kalista alipogeuza macho alimkuta anamwangalia kwa huruma na hofu kwa pamoja.

Kijijini alipokelewa vizuri. Didas alimpa pole, akanyoosha mikono apewe mzigo.

"Nione basi, shemeji."

"Utamwona kesho na wenzako," alisema Kalista. "Si mnasema mnazindua? Kitu cha kuzindua hakichunguliwi."

Didas alikuwa mtu wa taratibu, na jambo hilo lilimwingia. Akamwacha.

Kesho yake asubuhi ua ulijaa. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, kwaya wamevaa sare, masufuria ya pilau yamepangwa nyuma ya nyumba. Padre, kijana mpole mwenye miwani, alisomesha misa vizuri. Mbele kabisa, kwenye kiti cha mgongo mrefu, alikaa Bibi Tekla, mama wa marehemu. Miaka yake ilipita themanini na macho yalikuwa yamebaki na ukungu tu, lakini masikio yalikuwa mazima, na mdomo mzima kuliko masikio.

Misa ilipokwisha, Didas akashika kipaza sauti. Akazungumzia uchaji wa marehemu. Akazungumzia kiasi chake katika kula. Watu waliotoka Mbeya wakaanza kukohoa.

"Na sasa," alisema Didas, "kwa heshima na taadhima, tunazindua sura ya ndugu yetu mpendwa, kama tulivyomjua."

Akavuta kitenge.

Liberatus akawachekea, na mwanya wake, na kofia upande, na mkono juu ya tumbo.

Kwaya, waliokuwa wameambiwa waimbe papo hapo, waliimba neno moja wakakwama. Halafu nyuma mtu akasema, wala hakusema kwa sauti kubwa, "Ebwana, ndiye yeye!" na kicheko kikaanzia viti vya nyuma kikaja mbele. Hakikuwa kicheko cha msibani cha kuziba mdomo kwa kiganja. Watu walipigana mabega.

"Hii ni dhihaka!" Didas aligeuka, shingo imetoka mishipa. "Shemeji, nilikutumia picha! Umetuletea mlevi!"

"Nimewaletea mume wangu," alisema Kalista. "Yule wa kwenye picha mimi sikuolewa naye."

"Mbele ya padre! Mbele ya kanisa!"

"Hebu nyamazeni," alisema Bibi Tekla. "Mnacheka nini? Nileteeni na mimi nicheke."

Hakuna aliyetaka kumpelekea. Kalista mwenyewe akambeba Liberatus, akamweka magotini pa mama yake. Bibi akapitisha vidole. Akapapasa kofia, akaguna. Akapapasa mashavu, akakuta moja limezidi, akalipiga kofi dogo. Kidole kikaingia kwenye mwanya kikasimama hapo.

"Huyu hapa," alisema, akamwamkia kwa Kihehe. "Kamwene, mwanangu. Mbona umekawia?" Kisha akainua uso kuelekea sauti ya Didas ilikokuwa. "Mwaka mzima mnaniongoza kwenye ukuta, mnaniambia mama, msalimie Libe, na mimi nasalimia kioo cha baridi. Huyu ndiye niliyemzaa. Alizaliwa na tumbo hilihili. Mwasheni."

"Mama, utambi uko kichwani," alisema Didas. "Tumwashe ndugu yetu kichwa?"

"Mlitaka uwe wapi?"

Watu wote wakamgeukia padre. Padre alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. "Kwa kweli," alisema, "sikumbuki kama seminarini tulilifikia jambo hili." Akawaza kidogo. "Mshumaa ni mshumaa. Na wa nyuki hasa, kanisa linaupenda."

Basi wakamweka mezani, wakamwasha. Moto ulisimama juu ya kofia mwembamba na mrefu, na harufu ya asali ikapita chini ya turubai. Kofia ikaanza kulainika. Tone la kwanza likateremka kwenye paji, likafuatiwa na la pili.

"Anatoka jasho!" alisema mwanamke mmoja wa kwaya. "Kama akikaa kwenye nyama!"

Hapo mambo yakaachia. Mzee mmoja akasimama bila kuitwa, akasema Liberatus aliwahi kumhamisha na kitanda chake mpaka Makambako, yeye mzee akiwa amelala juu yake, kwa kuwa Liberatus hakutaka kumwamsha. Mama mmoja akasema alimdanganya kwamba lori linakunywa maziwa, na yeye akaleta maziwa. Padre naye akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi alinifundisha kuendesha gari," alisema. "Nikaingia kwenye banda la kuku la paroko. Kuku wakaenda walikokwenda. Paroko alipotoka, Liberatus akasema ni yeye aliyeligonga, tena akasema alikuwa amelewa, ili iaminike. Hakuwa amelewa. Siku hiyo hakuwa amelewa."

"Baba padre!" alisema Didas kwa uchungu.

"Samahani, Mwalimu. Lakini ndivyo."

Kalista alikuwa amekaa kwenye mkeka, anacheka na wenzake, mbavu zinamuuma. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia yuko msibani kwa mtu anayemfahamu. Ndipo akaona jambo. Nta iliyoyeyuka ilikuwa imepita pembeni mwa pua, imeingia mdomoni, na inaanza kuujaza ule mwanya. Taratibu meno yale yalikuwa yanakuwa mamoja, sawasawa, mazuri. Mashavu yamepungua. Kofia imekwisha. Kwenye meza pale, mbele ya macho yake, alikuwa anatokea kijana mwembamba wa pasipoti.

"Zimeni!" alipiga kelele. "Zimeni, anakuwa mwingine!"

Hakungoja mtu. Aliruka mkeka, akapuliza moto, akatia ukucha kwenye nta ya moto na kuuchokoa ule mwanya. Nta ikamshika kidole, akaendelea kuchokoa. Alipofika mwisho, mwanya ukiwa wazi na kidole kimekuwa chekundu, kikamtoka kilio ambacho hakukitegemea. Alilia kwa sauti ya ajabu ajabu, kamasi na kila kitu, ameinama juu ya mume wake asiye na paji la uso.

"Ameungua vibaya," watu walinong'onezana. "Leteni maji."

Bibi Tekla peke yake alisema, "Mwacheni. Hajaungua kidole huyo."

Kalista alipohamia jikoni kupumzika, Didas alimfuata na bakuli la maji ya mtungini. Aliliweka chini, akamwonesha kwa kidevu atie kidole. Kisha akageuka kuangalia pilau za watu.

"Lile koti la kwenye picha," alisema, "lilikuwa langu. Nilimwazima. Hakulirudisha."

"Najua. Aliliuza Mafinga."

"Aliliuza?"

"Akanywea. Na tai akamfungia mbuzi."

Didas alifungua mdomo kutoa hotuba, na badala yake kikatoka kitu kingine, kikavu, kinachokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Kalista alishituka. Kilikuwa kicheko cha Liberatus chenyewe, kilekile, kwenye koo la mtu mwenye tai. Didas mwenyewe alikiogopa, akakizima kwa leso.

"Nilihitaji ndugu wa kumweleza kwa watu," alisema. "Yule wenu ningemwelezaje?"

"Hakuhitaji kuelezwa, shemeji. Alihitaji kulishwa tu."

Aliyebaki wa Liberatus, kuanzia nyusi kwenda chini, Bibi Tekla alikataa kumtoa. Akamweka kando ya kitanda. Na asubuhi ya kuondoka kwa Kalista, akamwita.

"Nitengenezee na mimi."

"Mama, wewe bado uko hai."

"Ndiyo maana nakwambia sasa. Nikifa, Didas atakupa picha." Alijiweka sawa kwenye kiti, akanyoosha shingo. "Nifinyange. Nataka nijiwashe mwenyewe."

Kalista aliahirisha safari. Udongo ulichotwa mtoni, si mzuri kama wa Kyela lakini ulitii. Bibi alikaa mkao wa kupigwa picha, na kila baada ya muda alipapasa kazi na kutoa maelekezo. Pua ipunguzwe. Makunyanzi yabaki, aliyagharamia. Matiti yawe ya zamani.

"Ya zamani ya lini, Mama?"

"Kabla ya Didas. Huyo ndiye aliyeyamaliza."

Didas, aliyekuwa anapita na gazeti, aliongeza mwendo.

Sura ya udongo ilisafiri hadi Ilomba imefungwa kwenye nguo mbichi, na Bibi wa nta akarudi Kilolo kwa basi, mikononi mwa mpwa wa familia. Baada ya hapo Kalista hakusikia kitu kwa muda. Alikuwa na harusi ya Soweto, mtaa wa hapohapo Mbeya, walitaka waridi nyeupe, na nta ya nyuki haitaki kuwa nyeupe hata uibembeleze.

Jumapili moja mchana simu ikaita. Ilikuwa ya Didas, lakini aliyezungumza hakuwa Didas.

"Kalista! Ni mimi. Nimeungua mpaka shingoni."

"Shikamoo, Mama. Vipi, unajisikiaje?"

"Marahaba. Vizuri sana. Nilianza kujiwasha siku umeme ulipokatika, nikaona inapendeza, sasa najiwasha hata ukiwepo. Jirani wanakuja kuniangalia. Jana walitoa na sadaka." Akashusha sauti. "Ila nakaribia kufika kwenye matiti, na yametoka vizuri, sitaki yaishe. Nitengenezee mwingine. Safari hii nifanye mpaka miguuni, na miguu unipe ya kuchezea ngoma."

Nyuma yake Kalista alimsikia Didas akisema, "Mama, padre amefika," na Bibi akamjibu asubiri, yuko kwenye simu na fundi.

"Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, Mama," alisema Kalista. Akabana simu begani, akavuta sufuria ya maji, akaanza kukatakata nta.